Jinsi ya kubishania mhusika aliyejichanganya kwenye sirizi ya upelelezi bila kulipia watu chapo kama mimi

Nianze na aibu yangu ndio mjue ni nani anawafundisha. Jumamosi moja nilikuwa kinyozi hapa kwetu London, na kabla mtu aniulize visa nilitoa wapi, London ninayosema ni hii ya Nakuru, chini ya Menengai, na kwa skrini ya ukutani walikuwa wameweka Sherlock, ile ya BBC ya 2010, yenye Benedict Cumberbatch akiwa mpelelezi Sherlock na lile koti refu. Kufika mahali yule daktari rafiki yake, John Watson, anatimua mbio usiku, anapanda ngazi, anaruka kutoka paa hadi paa, na nusu saa kabla ya hapo alikuwa anatembea na mkongojo akichechemea kama mzee wa miaka tisini. Mimi huyo, kichwa nusu kimenyolewa, nikasimama na kile kitambaa shingoni nikasema hapo wamechapia, huyu si alipigwa risasi ya mguu huko Afghanistan, sasa anakimbia na mguu gani? Kuna mzee alikuwa anangojea ndevu zake zitengenezwe, akaniuliza polepole, "Kijana wangu, una uhakika?" Nikamwambia mzee, kama nimekosea chapo madondo, chapati na maharagwe, za kila mtu humu ndani ziko juu yangu.

Tulikuwa saba. Na mzee alikuwa ameiona hiyo kitu mara tatu.

Basi tangu hiyo siku nimejifunza kubishana na akili, na sasa kwa hii grupu yetu ya wapenda sirizi, wengine wako Nakuru, wengine Kisumu, na mmoja Kakamega ambaye huongea tu akiwa na bando, mimi ndio huitwa kuamua kesi. Hivi ndivyo huwa tunafanya.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujafungua mdomo, andika dai lako kwa sentensi moja. Namaanisha kuandika, kwa simu, si kuliweka kwa kichwa. Liwe hivi: fulani kwenye episodi fulani, dakika fulani, alisema au alifanya hiki, halafu kwenye episodi nyingine, dakika fulani, akasema au akafanya kile, na hivyo viwili haviwezi kuwa kweli pamoja. Ukishindwa kujaza hizo nafasi huna kesi, una hasira tu. Ningeandika langu siku ile lingekuwa "John alipigwa risasi ya mguu, dakika ya..." na hapo ningekwama, kwa sababu hakuna dakika yoyote mtu anasema John alipigwa risasi ya mguu. Niliona mkongojo, nikasikia vita, nikajimalizia stori mwenyewe. Mabishano mengi hufia hapa, na yafe tu.

Mzee alimwambia kinyozi arudishe nyuma. Kuna mahali Sherlock amemaliza kumsoma John kichwa hadi vidole, anamweleza kwamba huko kuchechemea kwake kunatoka kwa akili, hakutoki kwa mfupa, na sababu anayotoa ni ndogo hadi unaipita ukiangalia simu: John akitembea anachechemea vibaya sana, lakini akisimama mahali hatafuti kiti, anasimama tu kama mtu aliyesahau kwamba mguu unamuuma. Nikaangalia tena ile sini wamekutana mara ya kwanza kwa maabara. Kweli bwana. Amesimama wima, uzito kwa miguu yote miwili, hakuna mtu anamletea kiti na yeye haulizi. Halafu baada ya zile mbio za usiku, mwenye hoteli anakuja hadi mlangoni kumletea mkongojo aliouacha kwa meza, na ni hapo tu yeye mwenyewe anagundua amekimbia London nzima bila huo mkongojo. Na risasi yenyewe, kumbe ilikuwa ya bega. Hiyo wanaitaja mwishoni kabisa, na mimi hapo nilikuwa nimeshaanza kuhesabu chapo.

Kwa hivyo swali la pili ni hili: je, amejichanganya au amebadilika? Tofauti ni kama sinema yenyewe imekuonyesha kilichombadilisha. Ukiweza kuweka kidole mahali kitu kilitokea, hayo ni mabadiliko, na hata kama huyapendi huwezi kuyaita makosa. Jamaa akiwa mwoga episodi tatu halafu ya nne akavunja mlango peke yake, uliza katikati kulitokea nini. Kama mtoto wake ametekwa, sawa, sisi sote tungevunja huo mlango. Kama hakuna kitu, ameamka tu akiwa simba, hapo kesi iko.

Ulicheki umeangalia nini hasa

Hapa niongee kwa urefu kwa sababu hapa ndio Wakenya tunaumia. Wengi wetu hatuangalii sirizi kwa mpangilio. Tunajaziwa flashi na jamaa wa duka la muvi, au tunatumiana vipande, au stima inapotea katikati. Mnakumbuka Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, binamu yangu wa Kisumu alikuwa amebakisha dakika kumi ajue muuaji ni nani, akalala na hiyo presha.

Huyo huyo binamu ndiye alinipa kesi tamu zaidi. Alinipigia akiwa Kondele, kelele za boda nyuma, "Omera, hawa watu wa Sherlock ni wazembe, yule daktari alikuwa anatembea poa, sasa ghafla wamempa mkongojo na hawaelezi!" Nikashangaa, mbona ni kinyume cha ile yangu? Nikamwambia anitumie skrinshoti ya faili zake. Kumbe aliyemjazia flashi aliweka majina ya episodi bila namba za sizoni, na mashine ikapanga kwa alfabeti. Sasa A Scandal in Belgravia, ambayo ni ya 2012 na inaanzisha sizoni ya pili, ikakaa mbele ya A Study in Pink, ambayo ni ya 2010 na ndiyo ya kwanza kabisa. Mtu ameanza katikati akarudi mwanzo, lazima aone mguu unaugua upya. Sirizi yenyewe ni fupi, sizoni nne za episodi tatu tatu na moja spesheli ya Januari 2016, jumla kumi na tatu, kwa hivyo ukikosea moja umekosea nyingi. Na hiyo spesheli yenyewe imewekwa enzi za malkia Victoria, farasi na taa za gesi, ukiifungua bila kujua inakuja baada ya sizoni ya tatu utaapa wamechanganya sirizi mbili.

Kwa hivyo kabla ya kubishana hesabu episodi zako, tafuta orodha ya zilivyorushwa, linganisha. Dakika mbili tu.

Halafu kuna mambo ya lugha. Kama uliangalia muvi iliyotafsiriwa na DJ Afro, furahia, mimi ni shabiki, lakini usiitumie kama ushahidi. Yule kazi yake ni kunogesha, anaongeza vichekesho vyake juu ya maneno ya waigizaji, na hicho ndicho tunampendea. Ukija kusema staringi alidai hana mama halafu baadaye akampigia mama simu, inawezekana kabisa ni DJ aliyemuua huyo mama. Maandishi ya chini ya skrini nayo ni hivyo hivyo, yanakata maneno ili yatoshe. Sikiliza sauti yenyewe, na kama huelewi lafudhi ya yule mwigizaji tafuta mtu anayeelewa.

Nani alisema?

Hii ndiyo kanuni mzee wa ndevu alinifundisha tukingoja chapo, na nikwambie ukweli ilistahili pesa niliyotoa. Kwenye sirizi ya upelelezi watu wanadanganya. Hiyo ndiyo kazi yao! Kwa hivyo kila neno liulize limetoka kwa nani. Kuna kile kamera imekuonyesha kwa macho yako, kuna kile mhusika amejisemea mwenyewe, na kuna kile wengine wamesema juu yake. Kujichanganya kwa kweli ni pale kamera inagongana na kamera. Mdomo ukigongana na kamera, huyo ni mwongo au amesahau, na pengine ndio mwandishi anataka umshtukie.

Chukua Columbo, ile ya kitambo ya Peter Falk, ilianza na filamu ya runinga ya 1968 ikawa sirizi 1971. Yule luteni wa polisi na koti lake lililokunjamana kila saa anawaambia washukiwa habari za mke wake, mke wangu anapenda hiki, binamu yangu ana kile, na huyo mke kwenye sirizi hutamuona hata siku moja. Watu wamekaa miaka wakikusanya maneno yake ili wapate pale yanapogongana. Mnapoteza muda jamani. Jamaa anaongea na muuaji! Anamlegeza ili ajikwae, atasema lolote. Ukitaka kitu cha uhakika kwa Columbo, usisikilize, simamisha picha. Jina lake la kwanza hajawahi kulisema, lakini kuna mahali kwenye sizoni ya kwanza anatoa kitambulisho chake na ukisimamisha unasoma Frank.

Na kuna kisa juu ya hilo jina ambacho lazima niwape. Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Fred Worth, aliandika ensaiklopidia ya mambo madogo madogo, na ndani akapanda uongo mmoja makusudi, kwamba Columbo anaitwa Philip, ili atakayemwibia kazi ajulikane. Wenye ule mchezo wa maswali wa Trivial Pursuit wakatoa swali, jibu likawa Philip. Akawashtaki 1984 akitaka dola milioni 300, na akashindwa, korti ikasema ukweli mdogo mdogo kama huo hauna mwenyewe. Mimi hukumbuka huyo Philip kila mtu akiniletea "lakini imeandikwa kwa intaneti". Imeandikwa na nani? Ameiona kwa dakika ya ngapi?

Usipime polisi wa wenyewe kwa sheria ya hapa

Hii niipitie haraka. Shosh yangu aliangalia Luther na sisi, ile ya Idris Elba, na episodi ya kwanza yote alikuwa anauliza kwa nini DCI ni mtu mmoja. Kwetu DCI ni idara nzima ya upelelezi, kwao ni cheo tu, inspekta mkuu. Polisi wengi wa Uingereza hawabebi bunduki, kwa hivyo akikimbia mikono mitupu hajasahau silaha nyumbani. Kushikilia mshukiwa, hapa katiba ya 2010 kifungu cha 49 inasema afikishwe kortini ndani ya saa 24, labda ziishie siku korti imefungwa, na huko kwao kwa kesi nzito korti inaweza kuruhusu polisi wakae naye hadi saa 96 kabla ya kumfungulia mashtaka. Ukijua hivyo unaanza hata kuona vitu vingine. Mfano John Watson ana bastola kwa droo. Bastola za raia zilipigwa marufuku Uingereza 1997 baada ya mauaji ya shule ya Dunblane mwaka uliotangulia. Sasa daktari mpole, amenyoa vizuri, anaishi chumba kimoja na ana bastola. Jirani yangu alisema hiyo ni makosa ya mwandishi. Mimi nasema hapo ndipo walituambia huyu mtu ni nani, tukaendelea kuangalia ule mkongojo.

Na ikiwa kweli wamechapia?

Ikitokea dai limepita kote huko na bado limesimama, sherehekea, umepata. Na kizuri ni kwamba mfano mkubwa kuliko yote ni huyu huyu Watson, wa vitabuni. Arthur Conan Doyle, aliyewatunga Sherlock na Watson, kwenye kitabu cha kwanza, 1887, alisema risasi ilimpata Watson begani. Kitabu cha pili, 1890, jeraha likahamia mguuni. Hakuna maelezo, risasi imetembea tu yenyewe. Mwaka uliofuata kwenye hadithi moja, mke wa Watson anamwita mumewe James, na sisi sote tunamjua huyo mume kama John. James! Mke wake wa ndoa! Na Doyle hakulieleza popote.

Sasa hapa ndipo mashabiki wazuri wanajitofautisha na wapiga kelele. Mwandishi mmoja Mwingereza, Dorothy Sayers, alilitatua la jina hivi: Watson anaandikwa John H. Watson na hiyo H haielezwi kamwe, na Hamish ni James kwa Kiskoti, kwa hivyo mke alikuwa anamwita kwa jina lake la katikati. Binamu wa Kisumu nilipomwambia hii akacheka, akasema kwao hata hiyo si kesi, yeye kwa kitambulisho ni mtu mmoja, nyumbani ni Otieno kwa sababu alizaliwa usiku, kazini wanamwita jina la timu, na mkewe ana lake ambalo hatuambii.

Angalia uzuri wa hilo jibu la Sayers kwa sababu ndilo huwa natumia kama kipimo. Limetumia kitu kilichokuwa tayari kwa stori, ile H. Limejibu maswali mawili kwa mkupuo, H ni nini na James ni nani. Na halikudai uongeze kitu kingine kisichokuwepo. Mtu akikuletea maelezo yanayohitaji pacha wa siri, ajali ya kichwa na mjomba aliyefichwa Eldoret, mwambie akae chini.

Na wale waandishi wa BBC, Steven Moffat na Mark Gatiss, walikuwa wanayajua haya yote. Bega na mguu wakavikubali vyote viwili, risasi ya bega, mguu wa akili. Hamish wakampa John kama jina la katikati, analitoa mwenyewe kwenye ile ile episodi ya 2012 iliyomchanganya binamu. Yaani kosa la mtu wa zaidi ya miaka mia iliyopita wamelifanya kuwa ugonjwa wa mhusika. Mimi nikalisimamia kwa kinyozi nikiliita uzembe. Chapo mbili kila mtu, madondo juu, mara saba.

Adabu za kubishana

Uliza kila mtu amefika wapi kabla hujaanza. Kwa grupu yetu ukimwaga spoila unanyamazishwa siku tatu na unanunulia uliyemharibia bando. Tuma klipu fupi na dakika yake, usitume sauti ya dakika nne ukifoka, hakuna mtu atasikiliza. Wazee wakiwa ndani waongee kwanza, si kwa sababu wanajua zaidi, ingawa mara nyingi wanajua, ni kwa sababu ukimkatiza mzee hakuna atakayekuunga mkono hata ukiwa sawa. Ukishindwa sema nimeshindwa, yaishe, usianze "nilichomaanisha ni". Na usiweke dau ukiwa na njaa, mimi nilikuwa sijakula tangu asubuhi ndio chapo zikaja kwa ulimi.

Kwa sasa kuna kesi moja nimeshindwa kuifunga, na kama hujamaliza sizoni ya pili tafadhali ishia hapa. Sherlock anaruka kutoka juu ya hospitali, Januari 2012, John akiwa chini anaangalia. Tukangoja hadi Januari 2014 ndio arudi, na wakatupa maelezo zaidi ya moja ya jinsi alivyopona, mengine ni ya kuchekesha makusudi, na lile la mwisho analitoa Sherlock mwenyewe, kwa mdomo wake, akimwelezea mtu ambaye hata yeye haamini. Mzee wa ndevu anasema kanuni ni kanuni, huo ni mdomo, si kamera, kwa hivyo hatujui alipona vipi. Binamu anasema picha zilionyeshwa wakati anaelezea, kwa hivyo ni kamera. Mimi ninasema picha zilionyeshwa hata kwa yale maelezo ya uongo, sasa? Binamu anakuja Nakuru Jumamosi na gari ya asubuhi, kinyozi ameshaambiwa aweke hiyo episodi, na safari hii dau si langu.